Bidhaa inayopotea nusu kila dakika 110: Leza za ioni na soko la Dodoma

NKUHUNGU, Dodoma — Mfanyabiashara wa nyanya wa hapa Nkuhungu hahitaji kufundishwa hesabu ya bidhaa inayoharibika. Anajua kwamba tenga lililopakiwa jioni halina bei ile ile likifika asubuhi, na kwamba bei ya gengeni ni bei ya shamba pamoja na hasara ya njiani. Mkulima wa zabibu anajua zaidi. Wiki ya mavuno mnunuzi ndiye anayeshika mizani, kwa sababu zabibu haisubiri.

Ipo bidhaa nyingine ambayo haisubiri hata kidogo. Jina lake ni florini-18. Nusu yake hupotea kila baada ya dakika 110, ikiwa kwenye jokofu au juani, ikiwa imefunguliwa au imefungwa ndani ya kasha la risasi. Hakuna dawa ya kuihifadhi. Hospitali huichanganya na sukari ya glukosi na kumdunga mgonjwa. Uvimbe wa saratani hula sukari kwa pupa, florini hujikusanya pale, na kamera iitwayo PET huonyesha mahali ugonjwa ulipojificha na kama dawa inafanya kazi.

Florini hiyo hutengenezwa kwa kurusha protoni, yaani kiini cha hewa ya hidrojeni, kwa kasi kubwa sana kwenye maji ya aina maalumu yenye oksijeni-18. Mashine ya kurushia huitwa siklotroni. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa kumekuwa na madai kutoka maabara za Ulaya, Marekani na Japani kwamba kazi ya siklotroni, na hata ya mashine kubwa zaidi za kutibu saratani kwa protoni, itafanywa siku moja na leza yenye mpigo mfupi mno na mkali mno. Madai hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kwa mtu mwenye fedha yake, na kwa mji kama Dodoma, swali ni lile la sokoni siku zote: kiasi gani, cha daraja gani, kwa muda gani.

HESABU YA NJIANI

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo ilipewa hadhi ya taasisi inayojitegemea mwaka 1996, ilipata mashine mpya za tiba ya mionzi za aina ya linaki mwaka 2018, na katika miaka ya 2020 ikaongezewa siklotroni na kamera ya PET. Nairobi ilitangulia. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilikuwa na siklotroni yake mwaka 2018. Kabla ya hapo mgonjwa wa Afrika Mashariki aliyehitaji picha hiyo alipanda ndege kwenda India au Afrika Kusini, na waliobaki ndio wengi.

Mgonjwa wa Nkuhungu anayeandikiwa picha ya PET hukata tiketi ya Dar es Salaam. Yeye ndiye anayeifuata bidhaa. Gharama yake si nauli peke yake. Kuna chumba cha kulala, kuna chakula cha mtu wa kumsindikiza, kuna duka linalofungwa au kuachwa kwa kijana asiyejua wateja wa mkopo. Akipangiwa tiba ya mionzi baada ya picha, tiba hiyo kwa kawaida ni siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Wako wafanyabiashara waliomaliza mtaji kabla ya kumaliza dozi.

Je, bidhaa haiwezi kumfuata mgonjwa? Ikichukuliwa kwamba kamera ya PET imefungwa Dodoma na florini inatoka Dar es Salaam, hesabu ni hii. Kwa barabara, kilomita zipatazo 450, kupakia na kushusha, weka saa nane kamili. Kati ya dozi 100 zilizoondoka zitafika dozi 5. Kwa reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, safari yenyewe ni saa tatu na nusu hadi nne. Ukiongeza muda wa kutoka Ocean Road hadi stesheni na kutoka stesheni ya Dodoma hadi hospitali, weka saa tano. Zitafika dozi 15. Kwa ndege, kama kila kitu kitakwenda kwa saa tatu mlango kwa mlango, zitafika 32.

Kwa maneno mengine, ili kuhudumia wagonjwa 10 Dodoma kwa njia ya reli, Dar es Salaam lazima itengeneze dozi 67 na kukubali kwamba 57 zitaishia njiani. Kwa barabara itengeneze zaidi ya 200. Ni biashara inayowezekana kwa reli na ndege, na miji mingi duniani huifanya kila alfajiri, lakini faida yake huliwa na saa ya ukutani. Ziko bidhaa za jamii hiyo hiyo zilizo mbaya zaidi. Kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20. Hiyo haiwezi hata kuvuka foleni ya Ubungo.

Ndiyo maana mashine ndogo, inayokaa karibu na mgonjwa, ina thamani kuliko mashine kubwa iliyo mbali. Na hapo ndipo leza inapoingia.

MWANGA UNAVYOSUKUMA

Siklotroni na mashine za jamii yake husukuma chembe kwa umeme, hatua kwa hatua. Nguvu ya msukumo kwa kila mita ina kikomo, kwani ikizidi volti milioni makumi kadhaa chuma chenyewe huanza kutoa cheche. Kwa hiyo anayetaka kasi kubwa lazima arefushe njia au aizungushe chembe mara nyingi ndani ya sumaku nzito. Uzito na saruji ndiyo bei ya kasi. Kituo cha Heidelberg, Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka 2009 kutibu saratani kwa protoni na kwa ioni za kaboni, kiligharimu euro milioni 119, na mtambo wake mmoja tu wa kuzungusha mwale kumzunguka mgonjwa una uzito wa tani 670.

Leza haina kikomo hicho cha cheche, kwa sababu kitu inachokigonga kimekwisha kuvunjika tayari. Mwanga mkali ukielekezwa kwenye jaribosi nyembamba kuliko ile ya kufungia sigara, chuma hugeuka papo hapo kuwa plazma, yaani supu ya elektroni na ioni zilizoachana. Elektroni ni nyepesi. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Basi elektroni hupigwa na mwanga, hupenya jaribosi na kutokea upande wa pili kwa kasi kubwa, zikiacha nyuma wenzao wazito.

Aliyewahi kusimama kwenye mnada wa mifugo anajua kinachofuata. Wana-mbuzi wakichomoka nje ya zizi, mama zao huvunja boma kuwafuata. Elektroni zilizotoka na ioni zilizobaki huvutana, na mvuto huo hufika volti trilioni moja kwa mita. Katika umbali wa maikromita 10, ambao ni mfupi kuliko unene wa unywele, protoni iliyokuwa imekaa juu ya uso wa nyuma wa jaribosi huondoka na nguvu ya elektroni-volti milioni 10, kwa kifupi MeV 10. Siklotroni ndogo za hospitali za kutengeneza florini hufanya kazi kati ya MeV 10 na 18.

Jambo la kuchekesha, na ambalo watafiti wenyewe walichukua muda kulikubali, ni kwamba protoni hizo za kwanza hazikuwa za jaribosi. Zilitoka kwenye unyevu na mafuta yaliyoganda juu yake kama uchafu. Uchafu huo una hidrojeni, na hidrojeni ikiwa nyepesi kuliko ioni nyingine hushika njia kwanza.

Mwanga wenyewe ulipatikanaje? Hadi miaka ya 1980 leza ilipokuzwa sana iliunguza vioo vyake. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Donna Strickland na mwalimu wake Gérard Mourou walitumia akili ya mwenye mzigo mzito mbele ya daraja bovu. Waliurefusha mpigo wa mwanga kwanza ili usiwe mkali, wakaukuza ukiwa mrefu, kisha wakaubana upya baada ya kuvuka. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Matokeo yake ni tarakimu zinazomvuruga msomaji asipozitazama kwa utulivu. Leza ya petawati moja ina nguvu ya wati trilioni elfu moja. Bwawa la Julius Nyerere, kwa megawati zake 2,115, lingehitaji wenzake wapatao 470,000 kulifikia. Lakini nguvu hiyo hudumu kwa femtosekunde 30 hivi, muda ambao mwanga, unaotoka mwezini hadi duniani kwa sekunde moja na kidogo, husogea maikromita 9 tu. Ukizidisha, nishati ya mpigo mzima ni joule 30. Hiyo ni nishati ya kuinua kilo tatu za sukari kutoka sakafuni hadi juu ya meza. Anayetangaziwa petawati na aulize joule.

Majaribio yaliyofungua soko hili la mawazo yalitangazwa mwaka 2000, kutoka vituo vitatu kwa karibu wakati mmoja: Michigan, maabara ya Rutherford ya Uingereza, na Livermore, California. Livermore ndiyo iliyotikisa. Leza yake ya petawati, ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1999, ilikuwa imetoa protoni za MeV 58.

Baada ya hapo bei, kama mtu angetaka kuiita hivyo, ilikaa pale pale kwa muda mrefu. Kutibu uvimbe ndani ya mwili wa mtu mzima kunahitaji protoni za MeV 70 hadi 230 hivi, kutegemea kina. MeV 58 haitoshi isipokuwa kwa jicho na mambo ya juu juu. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza kukaribia MeV 100. Mwaka 2024 kituo cha Dresden-Rossendorf, Ujerumani, kilitangaza MeV 150 kwa leza iliyotumia joule zipatazo 22 tu kwenye shabaha. Protoni ya MeV 150 hupenya sentimita 15 au 16 za maji, na mwili wa binadamu kwa hesabu hii ni maji. Kabla ya hapo, mwaka 2022, kituo hicho hicho kilikuwa kimetangaza kutibu uvimbe kwenye masikio ya panya kwa protoni za leza, na dozi ikatoka kama ilivyopangwa.

NZURI ZIKO JUU YA TENGA

Mnunuzi wa nyanya asiye mgeni huingiza mkono chini ya tenga. Nyekundu kubwa huwa zimepangwa juu. Tarakimu ya MeV 150 ni nyanya za juu ya tenga. Protoni zinazotoka nyuma ya jaribosi hutoka zikiwa za kila daraja, nyingi dhaifu, za kati chache, na za juu kabisa chache mno. Tena mpigo mmoja haufanani sawasawa na mwingine. Siklotroni hutoa protoni zote za daraja moja, kutwa nzima, na ndicho kitu daktari anachokilipia. Mwale wa protoni unapendwa katika tiba kwa sababu huacha sehemu kubwa ya nguvu yake mahali unaposimama, na mahali unaposimama hutegemea daraja lake. Ukichanganya madaraja umepoteza sababu ya kununua protoni.

Kwa kutengeneza florini-18 tatizo la daraja ni dogo. Maji ya oksijeni-18 hayajali kama protoni ni ya MeV 9 au 14. Na hilo halikusubiri mwaka huu kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliotumia leza ya Vulcan ya Rutherford walitengeneza kweli florini-18 na kaboni-11 kwa protoni za leza na kuchapisha matokeo. Bidhaa ilikuwa halisi. Kilichopungua ni ujazo. Vulcan ilikuwa leza ya kupiga mara chache kwa saa, na kila mpigo ulitoa sehemu ndogo sana ya dozi ya mgonjwa mmoja.

Hapa ndipo kalamu inapotakiwa. Siklotroni ya hospitali yenye mwale wa mikroampea 50 hurusha protoni trilioni 300 hivi kila sekunde. Mpigo mzuri wa leza hurusha, kwa hesabu ya ukarimu, protoni trilioni moja zenye nguvu ya maana. Kwa hiyo leza inayotaka kuvaa viatu vya siklotroni lazima ipige kama mara 300 kwa sekunde, saa nzima, bila kukosa. BELLA, leza ya petawati ya Berkeley, California, hupiga mara moja kwa sekunde, na kwa kundi lake hiyo ni kasi ya kusifiwa. Leza iliyofungwa Dolní Břežany, karibu na Prague, ilijengwa kwa lengo la mipigo 10 kwa sekunde.

Kuna na jambo la jaribosi yenyewe. Kila mpigo hutoboa tundu. Mipigo 300 kwa sekunde ni matundu zaidi ya milioni moja kwa saa, na kila mara shabaha mpya lazima isimame mahali pake kwa usahihi wa maikromita chache. Wako wanaotumia utepe unaozunguka kama wa kaseti. Wako wanaotumia mchirizi mwembamba wa kimiminika. Vumbi la chuma kinacholipuka hurukia vioo, na vioo hivyo ndivyo ghali kuliko vyote. Kwa mtu aliyewahi kuendesha mashine ya kusaga, hili linaeleweka bila mchoro: injini si tatizo, tatizo ni kinachochakaa kila siku na nani anakiuza.

FEDHA IKO WAPI

Wanaofaidika leo na biashara ya ioni si watu wa leza. Ni watengenezaji wa siklotroni. Kampuni ya IBA ya Ubelgiji, ambayo hisa zake huuzwa kwenye soko la Brussels, ndiyo jina linalotajwa mara nyingi zaidi, kwa siklotroni ndogo za hospitali na kwa vituo vya tiba ya protoni. Mfano wa karibu ni Afrika Kusini. Kituo cha Faure, nje kidogo ya Cape Town, kinachoitwa iThemba LABS, kilianza kutibu wagonjwa kwa protoni za MeV 200 mwaka 1993. Huduma hiyo ilikoma baadaye. Fedha ilipotafutwa kwa mtambo mpya, uliochaguliwa ni siklotroni ya MeV 70 kutoka IBA, na kazi yake ni kutengeneza isotopu za hospitali na za kuuza nje. Mwelekeo huo unasema mengi kuhusu mahali soko lilipo kuliko maonyesho yoyote ya leza.

Upande wa leza, mapato mengi hutoka kwenye mikoba ya serikali. Kituo cha Măgurele, Romania, kilichogharimu takriban euro milioni 300, kina leza ya petawati 10 iliyojengwa na Thales ya Ufaransa. Mteja wake ni fedha ya umma. Japani imechukua njia ya tahadhari zaidi. Taasisi ya QST ya Chiba, jiji lililofungua mashine ya kwanza duniani ya kutibu kwa ioni nzito hospitalini mwaka 1994, ina mpango wa mashine ndogo ya kaboni ambamo leza itafanya hatua ya kwanza tu, na sumaku za kisasa zitamaliza safari. Wachunguzi wengi wa mambo haya wanauona mpango huo kuwa ndio wenye akili ya biashara, kwani hauiombi leza ifanye kazi isiyoiweza.

Halafu liko kundi la tatu, lenye kelele zaidi. Desemba 2022 maabara ya Livermore ilipata, kwa mara ya kwanza, nishati kubwa ya muungano wa viini kuliko ya leza iliyoingia kwenye shabaha: megajoule 2.05 ziliingia, 3.15 zikatoka. Walioandika habari hiyo kwa furaha wengi hawakutaja kwamba umeme uliovutwa ukutani kuendesha leza hizo ulikuwa megajoule kama 300. Tangu wakati huo kampuni za leza za kuzalisha umeme zimechangisha fedha nyingi. Mojawapo, Focused Energy ya Darmstadt, iliyoanzishwa mwaka 2021, ilijengwa juu ya wazo la kuwasha mafuta hayo kwa mwale wa protoni za leza, yaani teknolojia hii hii. Ni kampuni binafsi. Hisa zake haziuzwi Soko la Hisa la Dar es Salaam wala soko lolote la wazi.

Kwa mwekezaji mdogo hilo la mwisho lina uzito. Mtu yeyote atakayepita Dodoma na fomu za kuuza "hisa za leza" atakuwa anauza kitu ambacho hakipatikani kwa fomu. Wenye kumbukumbu za upatu wa miaka iliyopita wanajua jinsi neno gumu la kisayansi linavyoweza kufungua pochi ambayo neno la kawaida lisingeifungua. Mwenye leza ya kweli atajibu bila kusitasita akiulizwa inapiga mara ngapi kwa sekunde, imepiga kwa saa ngapi mfululizo bila kuguswa, na protoni ngapi zimevuka MeV 10. Anayejibu kwa petawati hajajibu.

DODOMA IFANYE NINI

Mji una sababu ya kutaka. Serikali ilihamia, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani nacho, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilipandikiza figo mwaka 2018 na imekuwa ikijenga jengo la huduma za saratani. Wagonjwa wa Singida, Iringa, Manyara na Tabora wako upande huu wa nchi. Kwa wote hao Dar es Salaam ni mbali.

Lakini leza ya petawati isiletwe Dodoma kwa sasa, hata ikitolewa bure. Vioo vyake vinataka chumba kisicho na chembe ya vumbi, na kila mwenye duka Nkuhungu anajua anafuta rafu mara ngapi kati ya Julai na Oktoba. Inataka mafundi wa kudumu, si wa kuitwa. Vipuri vyake havina mwakala Afrika Mashariki. Na hata ikifanya kazi vizuri itatoa, kwa siku nzima, kiasi ambacho siklotroni ya kawaida hukitoa kabla ya chai.

Kinachouzika leo ni hatua za kawaida zaidi. Ya kwanza ni kamera ya PET Dodoma, ikilishwa kwa treni au ndege kutoka Dar es Salaam, wagonjwa wachache kwa siku, kwa hasara ya njiani iliyokwisha kuhesabiwa hapo juu. Hiyo ingejenga wateja, mafundi na takwimu. Kasha la namna hiyo halipandi treni kama kifurushi cha samaki. Linahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo wasafirishaji wa vyakula wanaifahamu kwa cheti chake cha mionzi, na linahitaji ratiba inayoheshimiwa, kwa sababu treni ikichelewa dakika 110 mzigo umepungua nusu na hakuna bima itakayorudisha. Wateja wakifika idadi ya kulipa, hatua ya pili ni siklotroni ndogo ya Dodoma yenyewe.

Katika hesabu ya pili hiyo ndipo leza inaweza kurudi mezani. Siklotroni ya hospitali hudumu miaka mingi. Itakayonunuliwa Dodoma katika miaka michache ijayo itakuwa bado kazini wakati leza za mipigo mingi, ikiwa zitafika, zitakapofika. Kwa hiyo uamuzi wa leo unafunga mlango kwa kipindi kirefu, na wanaopanga majengo wana sababu ya kuacha chumba chenye kuta nene zaidi ya mahitaji ya sasa. Saruji ni rahisi kumwaga mara moja kuliko kubomoa.

Habari za kufuatilia zitatoka Dresden, Berkeley, Dolní Břežany na Chiba. Tangazo la MeV 200 litapata vichwa vikubwa vya habari na halitabadilisha bei ya chochote Dodoma. Tangazo la kubadilisha hesabu litakuwa dogo na la kuchosha: leza ya joule chache tu, protoni za MeV 10 hadi 15, mipigo 100 kwa sekunde au zaidi, saa nane mfululizo, utepe wa shabaha ukibadilishwa na fundi wa kawaida. Halijatoka. Likitoka, dozi ya alfajiri itaweza kupikwa mtaa ule ule anaolala mgonjwa, na zile dozi 57 za njiani hazitahitaji kutengenezwa.